Mazao mageni ya kula kwenye grinhausi, Mwanza na kandokando ya ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wananiuliza sana kuhusu mazao yasiyozoeleka ya kupanda kwenye grinhausi huku kwetu, nimeyaweka pamoja ili mtu akiuliza nimtumie tu asome. Wengine mnaiita kitalu nyumba, sawa, ni kitu kile kile. Nimejibu kwa hali ya Mwanza, Magu, Ukerewe, Sengerema na huko huko, ukiwa Njombe au Lushoto mengi humu hayakuhusu, nyie mna baridi yenu.

Nimesoma mtandaoni kuhusu grinhausi "isiyo na hita". Hita ndo nini, na mimi naihitaji?

Huihitaji. Wenzetu wa Ulaya wana miezi ambayo usiku maji yanaganda, kwahiyo ndani ya banda wanawasha mashine ya kupasha joto ili mimea isife, na asiye na hela ya mafuta anatafuta mazao yanayovumilia baridi, ndo maana kurasa zao zimejaa spinachi na kabichi za Kichina. Sisi tupo mita kama 1,140 juu ya usawa wa bahari, digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, mchana 27 mpaka 29, usiku 16 mpaka 19 hivi. Kwetu shida ni joto kuzidi. Banda la plastiki lililofungwa, saa saba mchana mwezi wa tisa, linapita digrii 40 bila wasiwasi, ukiingia unatoka umelowa. Kwahiyo ukikuta orodha ya mazao ya "grinhausi isiyo na hita" kutoka Uingereza usiichukue ilivyo, karibu yote uliyoyaona pale yatakuchanulia maua kabla hujala jani.

Sasa kama joto lipo tayari, banda la nini?

Mvua na wadudu, basi. Vuli inaanza mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, masika wa tatu mpaka wa tano, na kipindi hicho jani likilala limelowa asubuhi unakuta magonjwa ya majani, bakajani na ubwiri. Paa linafanya jani lisilowe. Neti ya pembeni inazuia nzi weupe na kantangaze (yule nondo anayemaliza nyanya) na vidukari. Ukishaelewa hilo kuchagua zao kunakuwa rahisi sana: unatafuta kitu ambacho nje kinateswa na mvua au wadudu, LAKINI joto halikisumbui. Watu wengi wanafanya kinyume, wanatafuta zao la baridi waliloliona kwenye video halafu wanaliweka kwenye chumba cha joto, wanashangaa.

Na kitu cha pili, zao likiwa geni kwako basi ni geni sokoni pia. Hilo tutalirudia chini huko.

Niweke plastiki au neti ya kivuli?

Inategemea unapanda nini. Meloni, tango, karela (tango chungu la Kihindi), hoho, hivyo ni plastiki juu (ile yenye kinga ya jua, mikroni 200) na neti ya wadudu pembeni pande zote, bila plastiki ukutani. Majani ya harufu, saladi, tangawizi, vanila, hivyo neti ya kivuli inatosha, na bei yake iko chini sana ukilinganisha. Mtu akija kukuuzia banda lenye plastiki mpaka chini kwenye ukuta, muulize hewa inapita wapi. Kwa huku kwetu banda liwe refu, kilele mita nne au zaidi, na juu kabisa pawe na uwazi wa kutolea joto, huo uwazi nao uwekewe neti. Nguzo za mikaratusi zinafaa tu, ila sehemu inayoingia chini uipake oili chafu, mchwa wa Kisesa na Usagara hawana masihara.

Neti ya wadudu ikiwa na matundu madogo sana inazuia na upepo pia. Hapo hamna ujanja zaidi ya kuongeza urefu wa banda na ukubwa wa eneo la neti, na kulielekeza banda upepo wa ziwani wa mchana ulipige ubavuni.

Upepo wenyewe si utalibeba?

Unaweza. Zile dhoruba za kabla ya mvua, wingu jeusi linatokea ziwani, dakika kumi tu mabati yanaruka. Plastiki ikilegea hata kidogo inaanza kupigapiga na ikishaanza imeisha. Ibane vizuri na uikague kabla ya vuli. Panda uzio wa miti au matete upande wa ziwa lakini usiwe karibu kiasi cha kutia kivuli. Na kama una bahati ya kuwa na mawe makubwa kwenye kiwanja, na Mwanza nani hana, banda likae nyuma yake, ila kumbuka jiwe linahifadhi joto mpaka usiku kwahiyo usiligusanishe nalo.

Nipe zao moja tu la kuanzia.

Meloni. Siyo tikitimaji lile la kawaida, nasema yale madogo yenye harufu, ganda lina nyavunyavu au la njano, ndani ya chungwa au kijani. Nitaeleza kwa urefu maana hili naliamini.

Linapenda joto la 25 mpaka 35, ambalo tunalo bure. Linachukia mvua kwenye majani na tunda kulala kwenye udongo wa maji, na paa linatatua vyote viwili. Unasia kwenye trei, wiki tatu mche unaingia shambani, kuanzia kusia mpaka kuvuna ni siku 75 mpaka 90 kutegemea aina. Unalipandisha kwa kamba kama nyanya, shina moja. Sasa hapa ndo penyewe: maua ya kwanza kwenye shina kuu ni ya kiume, usiyahesabu, maua ya kike (utayajua yana kijitunda kidogo nyuma) yanakuja kwenye matawi ya pembeni. Kwahiyo matawi ya chini kabisa unayatoa, unaanza kuacha matawi kuanzia kwenye jani la nane au la kumi hivi, tunda likishika unakata ncha ya hilo tawi ukibakiza jani moja au mawili mbele ya tunda. Acha matunda mawili kwa mche, ukiwa na tamaa ya manne yote yatakuwa madogo na hayana utamu.

Kuchavusha ni mkono, kwa sababu umeziba nyuki. Asubuhi kabla ya saa nne, chuma ua la kiume, toa petali zake, gusisha katikati ya ua la kike. Mtoto wa shule anaweza. Tunda likifika ukubwa wa ngumi liwekee kiwavu cha kulishikilia, vile vya kubebea vitunguu vinatosha, vinginevyo uzito utang'oa tawi. Wiki ya mwisho na nusu punguza maji, usikate kabisa, punguza, tunda linakuwa tamu na halipasuki. Yale ya nyavunyavu yakiiva kikonyo kinaachia chenyewe ukilishika, harufu utaisikia ukiwa mlangoni.

Adui ni ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya jani, huo hausubiri mvua, unakuja hata kiangazi ukibananisha miche. Chagua mbegu iliyoandikwa inavumilia ubwiri unga na mnyauko fuzari (kuvu la udongoni linalonyausha mche). Na usipande mfululizo meloni juu ya meloni.

Kwanini usiseme nyanya na hoho kama wengine wote?

Kwa sababu umeuliza mazao yasiyozoeleka, na kwa sababu ya mnyauko bakteria. Nyanya leo ya kijani kesho imelala na bado mbichi, ukikata shina ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji unaona uzi mweupe unashuka kama maziwa, hapo udongo umeshaingiwa na dawa ya kunyunyizia haipo. Mabanda mengi unayoyaona yametelekezwa barabarani kuelekea Igoma na Misungwi ukiuliza utaambiwa hadithi hiyo hiyo. Ukitaka nyanya lazima utumie mche uliounganishwa juu ya shina la bilinganya sugu, kituo cha World Vegetable Center kule Arusha wamelifanyia kazi sana hilo, au upande kwenye mifuko yenye udongo safi usiogusana na ardhi.

Hoho nyekundu na njano inawezekana na mahoteli wanaitaka, tatizo ni kwamba joto likipita 32 inadondosha maua, kwahiyo mwezi wa nane mpaka wa kumi unaangalia tu. Pandikiza miche mwezi wa pili ili izae miezi ya baridi ya sita na saba. Ukiweza hapo, sawa.

Tango la kwenye banda halizai, linatoa maua yanadondoka. Nifanyeje?

Umepanda mbegu ya nje. Tango la banda ni aina inayozaa bila kuchavushwa, ile ndefu laini isiyo na mbegu, ganda jembamba unakula hivyo hivyo. Mbegu yake ni ghali, unanunua kwa idadi na siyo kwa gramu. Na hilo ukiliacha neti wazi nyuki wakaingia linaharibika, linavimba mwishoni na kupinda. Siku 40 hivi toka kupandikiza unaanza kuchuma na unachuma kila baada ya siku mbili, ukichelewa linakomaa na mche unakata kuzaa.

Je kuna nyuki wa kuweka ndani?

Wale nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye matundu ya miti na kuta, kuna sehemu duniani wanawatumia kwenye mabanda na hapa Tanzania tunao. Kwa banda dogo lakini mkono unatosha, mzinga unataka maua ya mwaka mzima na we una maua ya wiki tatu.

Karela na zile mboga za Kihindi zinalipa?

Kwa Mwanza ndiyo, kuliko watu wanavyodhani, ila kwa kiasi kidogo. Familia za Kihindi mjini kati zipo toka enzi na wanakula karela, turi (jamii ya dodoki), mabamia membamba, giligilani kila siku, wanataka mbichi ya leo. Karela ni rahisi, linapenda joto, linapanda kamba lenyewe, siku 55 mpaka 60 unachuma, na unalichuma bado kijani maana likianza njano limeshapoteza. Nalo linataka kuchavushwa kwa mkono kama meloni. Nzi wa matunda ndo anayeliharibu nje, kwenye neti haingii, hapo ndo faida ya banda unaiona kwa macho. Dodoki changa pia linaliwa, watu hawajui, wanasubiri likauke waoshee vyombo.

Majani ya harufu?

Hapa ndo ningeweka hela ya pili. Rihani ya Kitaliano, ile yenye jani kubwa laini, siyo kivumbasi, wapishi wa piza na tambi wanaitafuta na wakikosa wanatumia ya kwenye kopo huku wananuna. Ulaya rihani inakufa na baridi, huku haijui baridi ni nini. Unaikata ncha kila ikitaka kutoa ua na inachipua matawi. Isinyunyiziwe maji juu, mwagilia matone chini, la sivyo jani linaota unga wa kijivu upande wa chini na limekwisha.

Nanaa iweke kwenye ndoo peke yake, ikiachiwa tuta inakula tuta zima. Giligilani haipendi joto letu, inakimbilia kutoa mbegu, kwahiyo kivuli cha nusu na usie kidogo kila wiki mbili badala ya kusia nyingi mara moja. Mchaichai usiupotezee nafasi ya banda, uweke ukingoni nje.

Saladi ina jambo lake: mbegu haioti joto la udongo likipita 28 au 30, siyo mbovu, imelala tu. Isie jioni, trei uiweke sehemu ya baridi ndani ya nyumba siku mbili tatu, ikichomoza ndo uitoe. Chukua zile za majani yaliyoachana, zile za kufunga kama kabichi huku zinatoa mshale kabla hazijafunga.

Stroberi vipi? Niliona mtu Arusha anavuna ndoo.

Arusha, Lushoto, Iringa, wana usiku wa baridi. Stroberi inatengeneza maua vizuri usiku ukiwa na baridi, huku kwetu itaota majani mazuri sana na vijikamba vya kuzalia, matunda machache na madogo. Ya nyumbani kwa ajili ya watoto, kwenye ndoo chini ya neti, panda mwezi wa nne ili maua yake yakutane na wa sita na wa saba. Ya biashara sikushauri.

Ukitaka tunda dogo la kufurahisha chukua fizalisi, yale ya njano yaliyojifunga kwenye kiganda kama karatasi, wengine mmekula porini mkiwa wadogo. Asili yake milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, lakini huku inazaa ndani ya miezi minne na ukivuna na kiganda chake inakaa wiki kadhaa bila friji. Usile bichi la kijani, lina sumu kidogo, subiri lidondoke lenyewe. Ni ukoo mmoja na nyanya kwahiyo usiliweke palipokufa nyanya.

Nimesikia vanila ina hela nyingi. Banda la vanila Mwanza linawezekana?

Linawezekana, na kwa hali ya hewa ya kandokando ya ziwa siyo ndoto, majirani zetu Kagera wanailima miaka mingi. Ila sikiliza vizuri kabla hujauza ng'ombe.

Vanila ni mmea wa kutambaa, jamii ya okidi, kwao Meksiko. Inataka kivuli cha nusu, unyevu hewani, majani makavu mengi kwenye mizizi, na mti au nguzo ya kupandia. Plastiki haifai, itaungua, ni neti ya kivuli tu. Unapanda kipande cha mita moja, unasubiri miaka mitatu hivi ndo uone ua. Halafu inahitaji kiangazi kifupi cha miezi miwili ili ishtuke itoe maua, kwahiyo kuanzia mwezi wa sita unapunguza maji.

Ua linafunguka asubuhi moja tu, mchana limesinyaa. Huku hatuna mdudu wa kulichavusha. Ni mtu na kijiti, ua moja moja. Njia hiyo ya kijiti aliigundua mtoto mtumwa wa miaka 12 anaitwa Edmond Albius, kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, na mpaka leo vanila inayolimwa duniani inachavushwa kwa mkono kwa njia ile ile. Ukishachavusha, tunda linakaa miezi nane au tisa ndo likomae, na likikomaa bado halinuki, linatakiwa kutumbukizwa maji moto, kufunikwa litoke jasho, kuanikwa taratibu kwa wiki nyingi. Ukiuza bichi unauza kwa bei ya bichi.

Kwahiyo ni zao la mtu mwenye subira na mwenye watu wa kumsaidia msimu wa maua. Bei yake kwenye soko la dunia inapanda na kuanguka vibaya sana. Na mtu akikwambia umpe milioni kadhaa akulimie yeye, we ulipwe faida kila mwezi, jiulize faida ya mwezi wa kwanza inatoka wapi wakati mmea unatoa ua mwaka wa tatu.

Tangawizi kwenye viroba?

Nzuri, tena inafaa wenye eneo dogo. Kivuli kidogo, udongo mwepesi wenye samadi iliyooza vizuri, miezi minane mpaka kumi inakomaa, lakini ukivuna miezi mitano sita unapata tangawizi changa, nyeupe yenye ncha za waridi, haina nyuzi, hiyo sokoni Kirumba hawaijui ila jikoni kwa wapishi wanaijua. Nayo inashikwa na mnyauko wa bakteria, jamii ile ile ya wa nyanya, kwahiyo mbegu yake ichague kwa macho, kipande kilicholainika tupa. Manjano inakwenda sawa na hiyo, na ni ngumu zaidi kufa.

Zafarani? Bluberi? Tufaha?

Zafarani hapana. Kitunguu chake kinahitaji majira yanayobadilika, joto la kiangazi kikiwa kimelala halafu baridi ndo kichanue, na kilo moja kavu inataka maua zaidi ya laki moja. Bluberi inataka udongo mchachu, pH 4.5 mpaka 5.5, na maji yetu ya ziwa yapo upande wa pili kabisa, utapambana na tindikali kila wiki. Tufaha hapana.

Tunda la dragoni ndiyo, ila la nini kuliweka ndani? Liweke nje kwenye nguzo. Linachanua usiku, ukiamka saa kumi alfajiri ukalichavusha kwa brashi unaongeza matunda.

Mama mkwe anataka mgagani, naye nimpandie ndani?

Mgagani, mnavu, mchicha, matembele, hizo nje. Kiangazi bei yake inapanda kwa sababu ya maji siyo kwa sababu ya paa, mwenye bomba la matone nje anavuna sawa na mwenye banda. Kama unataka mboga ya majani ndani ya banda jaribu nderema, ile inayotambaa yenye jani nene la utelezi, inapenda joto na unyevu na haichoki, hata pembe ambayo kila kitu kimekataa yenyewe itakaa. Wanaopenda mlenda wataipenda.

Uyoga nao si unaweza kuwekwa humo humo?

Usiweke. Uyoga unataka giza, ubaridi na unyevu, na vimelea vyake havipatani na banda la matunda. Tafuta chumba cha udongo au cha makuti. Lakini kama zao geni la kula, mamama (ule uyoga wa oyster) kwa huku ni zuri sana maana tuko nchi ya pamba, na mabaki ya pamba ya kwenye jineri (kiwanda cha kuchambua pamba) ni chakula kizuri kabisa cha mamama.

Udongo wetu ni mchanga mtupu wa miambani, utafaa?

Ule wa luseni, ndiyo, maji yanapita na mizizi inapumua, ni bora kuliko ule mweusi wa mbuga ambao ukilowa unashika gumboot. Shida yake mbili: haushiki mbolea, na minyoo fundo wanaupenda. Ng'oa mmea wowote uliodumaa uangalie mizizi, ukiona vinundu ndo wao. Dawa rahisi: mwezi wa saba mpaka wa tisa lowesha udongo, funika na plastiki nyeupe inayopitisha jua, bana kingo, uache wiki nne mpaka sita. Samadi ya ng'ombe ipo tele usukumani, iozeshe miezi mitatu, mbichi inaunguza na inaleta magugu. TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, ni hapo tu Misungwi, ulizia habari za kupima udongo kabla hujanunua mbolea za madukani.

Naweza kuvuta maji ziwani moja kwa moja?

Kwanza sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, usijenge banda pale hata kama kiwanja ni cha babu. Na ziwa lenyewe linakusogelea, mwaka 2020 na tena 2024 lilipanda mpaka likafunika mashamba na nyumba za watu. Kuvuta maji ulizia kibali ofisi ya bonde la maji la ziwa. Halafu maji yale yana mwani wa kijani ambao unaziba matundu ya bomba la matone ndani ya wiki, kwahiyo chujio ni lazima, na tangi liwe jeusi au lifunikwe. Magugu maji kama matandazo sawa, yakishakauka, ila usichukue ya kwenye midomo ya mitaro ya mjini, yanafyonza madini mazito.

Nitauza wapi?

Hili ndo la kuanza nalo kabla ya mbegu. Soko Kuu au Mlango Mmoja ukipeleka meloni hujulikani, watakupa bei ya tikiti. Nenda jikoni, mtafute mpishi mwenyewe, asubuhi saa nne wakiwa wametulia, mpelekee sampuli, muulize anatumia kiasi gani kwa wiki, halafu panda kiasi hicho na kidogo cha kufidia. Hoteli za mjini, supamaketi za Rock City, kambi za watalii upande wa geti la Ndabaka kwa njia ya Musoma, na Geita kwenye migodi, huko tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 majani yanafika bado mabichi, zamani ukikaa foleni ya kivuko rihani imeshakuwa nyeusi. Hoteli nyingi zinalipa baada ya mwezi, jipange kwa hilo, na usimpe mmoja mzigo wote.

Mbegu napata wapi, naweza kuagiza nje?

Maduka makubwa ya pembejeo mjini wana tango la banda na hoho, meloni wanaagizia ukiwaambia mapema. Angalia lebo ya TOSCI (wanaothibitisha ubora wa mbegu) na tarehe. Kuagiza nje au kubeba vipando kutoka Uganda kunataka kibali cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), hasa vipande vya vanila na tangawizi maana ugonjwa unasafiri na kipande. Mbegu ya hibridi (chotara) usihifadhi ya kupanda tena, itakuja mchanganyiko. Rihani, nanaa, karela, fizalisi unaweza kujizalishia mwenyewe mwaka hadi mwaka, na nanaa huna haja hata ya kununua, omba tawi moja kwa jirani, weka kwenye glasi ya maji dirishani.